Wito wa "Mayday" na Somo Lake kwa Waundaji wa Istilahi

Aghlabu hudhaniwa kwamba istilahi njema ni ile inayojieleza yenyewe. Historia ya wito wa "Mayday" yatuonyesha kwamba yako pia maneno ambayo thamani yake yote imo katika makubaliano ya watumiaji.

Ishara ya SOS, iliyokubaliwa Berlin mwaka 1906, ilibuniwa kwa ajili ya telegrafu ya nukta na vistari. Marubani walipoanza kuzungumza kwa redio ilionekana kuwa haifai, kwani herufi S haikusikika vyema. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Frederick Mockford, ofisa wa redio katika kiwanja cha ndege cha Croydon, London, alitakiwa kutafuta neno jingine. Kwa kuwa ndege nyingi za hapo zilisafiri kwenda na kutoka Le Bourget, Paris, alipendekeza "Mayday", kutokana na matamshi ya Kifaransa m'aider, yaani "kunisaidia". Mkutano wa kimataifa wa Washington uliliidhinisha mwaka 1927. Waingereza, basi, walitwaa neno geni wakaliandika kwa tahajia yao, kama tufanyavyo sisi.

Wito huo hutamkwa mara tatu, nao humaanisha hatari kubwa inayohitaji msaada mara moja. Chini yake upo wito wa "Pan-pan", kutoka neno la Kifaransa panne, yaani hitilafu: jambo la haraka ambalo bado halijafikia hatari hiyo.

Tofauti hii si ya kamusini tu. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca ya Kolombia iliikaribia New York huku ikiishiwa mafuta. Marubani waliomba wapewe kipaumbele, wakasema pia kwamba mafuta yanakwisha. Lakini "Mayday" hawakuitamka. Waongozaji wa ndege hawakutambua ukubwa wa hatari. Ndege ilianguka, na kati ya watu 158 waliokuwamo, 73 walikufa.

Katika Kiswahili neno "dharura" hubebeshwa maana zote mbili. Yafaa basi, katika kamusi na vitabu vya mafunzo, "Mayday" ifafanuliwe kuwa wito wa hatari na "Pan-pan" wito wa haraka. Redioni, hata hivyo, miito yenyewe isitafsiriwe, kwa maana anayeisikiliza huenda akawa mtu wa taifa lolote. Kazi yetu ni kuifafanua, si kuibadili. Rubani aliye hatarini hana wasaa wa kuchagua visawe.