Boi ni Nani?

Mwulize Mwingereza, atakwambia boi ni mtoto wa kiume. Kumbe karne ya 14, huko huko kwao, neno hilo lilimtaja mtumishi au mtu duni. Maana ya mtoto ilishika baadaye. Walipokuja kututawala walikuja na ile ya utumishi: mzee mwenye wajukuu, kisa anawapikia, eti boi! Huko Marekani nako watu weusi wazima waliitwa hivyo. Mwaka 1968 wazoataka wa Memphis waligoma, wakabeba mabango kwamba wao ni wanaume.

Leo utingo wa lori ni taniboi, na mtaani Nairobi maboi ni washikaji. Poa. Ila mwandishi mwenzangu, ukiliandika, tuonyeshe nani anamwita nani.