Choo cha Nyumba ya Mawe: Kikae Chini au Kipande Juu?

Watu wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme, vita na mikataba. Hayo nayo ni historia, hapana shaka. Lakini mtu atakaye kujua jinsi wazee wa kale walivyoishi hana budi kuingia nyumbani mwao, apite barazani, apite vyumbani, afike mpaka chooni. Hapo ndipo aonapo maji yalitoka wapi, nani aliyeyabeba, nani aliyestahiwa na nani aliyetumikishwa.

Katika insha hii tutaitazama shida iwakabiliyo wenye nyumba nyingi za zamani, nasi tutaichukua Lamu kuwa mfano wetu. Nyumba ina ghorofa. Watu wake wanalala juu. Na choo kitumikacho kiko chini. Je, kihamishiwe juu? Swali hili laonekana kuwa la fundi na la mfuko tu. Lakini alijibuye bila kujua historia ya nyumba yake aweza kuiharibu nyumba iliyosimama miaka mia mbili.

Kwanza na tuijue nyumba yenyewe. Nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi zilijengwa katika karne ya 18 na ya 19, zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa nusu mita hivi. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haiwezi kubeba mzigo mkubwa ikiwa ndefu mno, vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba, upana wake usizidi mita 3. Mgeni aingiapo hupita daka, kisha hufika kiwandani, yaani uwanja mdogo ulio wazi juu. Mbele yake ipo misana, chumba nyuma ya chumba, na mwisho kabisa ndani, mahali pa faragha ya mama mwenye nyumba. Choo kilikuwa huko nyuma, karibu na ndani, mbali na macho ya wageni.

Katika nyumba hizi choo kilikuwa mahali pa kujisaidia na pa kuogea pia. Palikuwa na birika la chokaa la kuhifadhia maji, na mara nyingi chini ya birika hilo walijengea bakuli au sahani ya kaure. Humo waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Na maji yalipopungua, samaki walibaki salama ndani ya bakuli. Mambo haya ya usafi yalikuwa na mizizi mirefu pwani. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, zilionekana nyumba zenye vyoo na visima vyake, nao mji huo uliachwa na watu wake katika karne ya 17.

Nyumba nyingi za Lamu hazikujengwa zote kwa siku moja. Ilikuwa desturi baba kumpatia binti yake makao aolewapo, na mara nyingi makao hayo yalikuwa ghorofa mpya juu ya nyumba ya wazazi. Basi ghorofa ilipoongezwa, choo chake kiliwekwa wapi? Kiliwekwa juu ya kile cha chini. Uchafu ulishuka kwa mfereji uliopita ukutani mpaka katika shimo refu lililochimbwa ardhini. Wajenzi wale walijua kwamba maji hufuata mkondo, nao hawakutaka kuulazimisha mkondo upite chini ya sakafu za vyumba vya kulala.

Kwa hiyo choo cha juu si jambo geni lililoletwa na mabomba. Wakubwa wa mji waliishi ghorofani, penye upepo na faragha, na huko juu walikuwa na choo chao. Ghorofa ya chini aghalabu ilikuwa ya ghala na ya watumwa. Hapa ndipo historia itushikapo mkono na kutuuliza swali zito: maji yalifikaje juu?

Na tupige hesabu. Chukua jamaa ya watu 6, kila mmoja akitumia ndoo 2 za lita 20 kwa siku. Hizo ni ndoo 12, yaani lita 240. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo kila siku kilo 240 zilivutwa kisimani na kupandishwa ngazi nyembamba zenye giza. Bwana hakuzipandisha yeye, wala bibi. Zilipandishwa na watumwa. Raha ya kuoga juu, penye upepo wa bahari, ilikaa juu ya mabega ya watu ambao majina yao hayakuandikwa ukutani pamoja na nakshi. Sheria ya kufuta utumwa katika pwani ya Kenya ilitoka mwaka 1907. Tangu hapo kila ndoo ilipaswa kubebwa na mwenyewe au kulipiwa, na mtu aliyeubeba mzigo huo kwa kichwa chake mwenyewe alijua vema kwa nini choo cha chini, karibu na kisima, kilikuwa rahisi zaidi.

Jambo hili si la Lamu peke yake. Tuitazame Uingereza, nchi yenye baridi na desturi nyingine kabisa. Nyumba nyingi walizojengewa wafanyakazi wa viwanda huko katika karne ya 19 hazikuwa na chumba cha kuogea. Choo kilikuwa uani, na watu waliogea katika beseni la bati mbele ya moto wa jikoni. Hata mwaka 1951, zaidi ya theluthi moja ya nyumba za nchi hiyo hazikuwa na bafu la kudumu. Wenye nyumba walipoongeza bafu, wengi waliliweka chini, nyuma ya jiko, kwa kuwa bomba la maji na moto wa kuyachemshia ulikuwa huko. Baadaye wengine walilihamishia juu karibu na vitanda, na aghalabu walilipa kwa kupoteza chumba kimoja cha kulala. Mvua na jua ni mbalimbali, lakini kanuni ni ile ile: bafu hukaa mahali ambapo maji hufika kwa taabu ndogo.

Sasa turudi Lamu. Siku hizi maji ya mji hutoka kwenye visima vya machuguu ya mchanga ya Shela, na pampu yaweza kuyapandisha mpaka kwenye tangi la darini. Nyumba nyingi zimegawanywa baina ya ndugu, ikawa jamaa moja yakaa juu na nyingine chini. Hapo mama mzee alalaye ghorofani hulazimika kushuka ngazi usiku wa manane, taa mkononi. Akianguka, nani atasema kwamba wajukuu walitunza mila vizuri? Hoja ya wanaotaka kukipandisha choo ni hoja ya huruma, wala haifai kudharauliwa.

Lakini wapingao nao wana hoja, na hoja zao zimo katika mawe na miti. Kwanza ni uzito. Tangi la lita 500 likijaa lina kilo 500, nusu ya tani, na boriti za mikoko za wazee hazikupangwa kwa mzigo wa namna hiyo katikati ya chumba. Pili ni unyevu. Boriti iliyo kavu hudumu vizazi vingi, lakini ilowayo siku zote huoza kimya kimya ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana. Wako wanaodhani kwamba saruji itawaokoa. Saruji huziba, ilhali kuta za matumbawe na chokaa hupumua. Maji yaliyonaswa nyuma ya saruji hutafuta njia nyingine, na chumvi ya pwani huivisha kutu nondo iliyofichwa humo. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ufa usiouona huwezi kuuziba.

Tatu ni shimo. Choo cha kumimina maji kwa bomba hutoa maji mengi kuliko kile cha kata na kopo. Ardhi ya Lamu ni mchanga na matumbawe, nayo hupitisha maji upesi. Shimo likizidiwa, uchafu hauishii kwa mwenye nyumba. Huenda mpaka kisimani kwa jirani. Hivyo uamuzi wa nyumba moja huwa ni uamuzi wa mtaa mzima.

Nne ni sheria. Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwenye nyumba hawezi kuvunja na kujenga apendavyo. Lazima aombe ruhusa. Wengine hulalamika kwamba wamefanywa walinzi wa jumba la makumbusho bila mshahara, na lalamiko hilo lina haki yake. Lakini ukuta ukishabomolewa, pesa zaweza kujenga mwingine, wala haziwezi kuurudisha ule.

Basi hukumu ni ipi? Kwa maoni yangu, choo kipandishwe pale tu ambapo wazee walikuwa na choo cha juu, au pale kinapoweza kusimama wima juu ya kile cha chini, ili uchafu ushuke kwa mkondo mfupi na unyevu ubaki katika pembe moja ya nyumba. Tangi likae juu ya kuta nene, lisikae katikati ya boriti. Shimo lipimwe kabla ya bomba kununuliwa. Tena choo cha chini kisifungwe. Leo mzee alala juu. Kesho magoti yakikataa ngazi atahamia chini, na hapo atashukuru kwamba hakikugeuzwa ghala. Na kama hakuna mahali pa kukisimamisha wima, heri kumhamishia mzee kitanda chini kuliko kukihamishia choo juu.

Nanyi vijana mtakaorithi nyumba za wazee, ziwe za Lamu, za Mombasa au za bara, kabla hamjachukua nyundo ulizeni kila kitu kiliwekwa mahali pake kwa sababu gani. Pengine mtaona sababu ingali hai, kama ile ya boriti na maji. Pengine mtaona imekufa, tena yafaa ife, kama ile ya mtumwa na ndoo. Ajuaye kuzitofautisha sababu hizo mbili aweza kubadili nyumba ya babu yake bila kuivunja.