Cape Town kwa Baiskeli: Njia 6 za Mlimani na Baharini, na Upepo Usio na Mchezo

Cape Town, Afrika Kusini, ni mji uliobanwa. Upande mmoja kuna Bahari ya Atlantiki, upande wa pili ghuba ya False Bay, na katikati safu ya milima inayoanzia Table Mountain kushuka kusini hadi Cape Point. Vitongoji vimejipanga kwenye kipande chembamba cha ardhi kati ya maji na mawe. Barabara zake hazina namna: ni kupanda, kushuka na kukata kona.

Ndiyo maana waendesha baiskeli wa lami hutoka nchi nyingi kuja hapa. Lakini barabara hizo hizo hutumiwa na watu wanaowahi kazini, malori na mabasi ya watalii. Kuchagua njia, saa na upande wa kuanzia si suala la mandhari tu. Ni suala la kurudi nyumbani mzima.

Hizi hapa njia sita, kuanzia nyepesi hadi nzito.

1. Sea Point hadi Camps Bay

Hii ni ya kupashia misuli moto. Barabara inafuata bahari na ina vilima vifupi tu. Sea Point kuna njia pana ya matembezi ufukweni ambayo ni tambarare, lakini imejaa watoto, mbwa na wakimbiaji, kwa hiyo hapo si pa kukimbiza.

Kero kubwa ni magari yaliyoegeshwa kando ya barabara. Mlango ukifunguliwa ghafla, breki haisaidii. Wazoefu huacha nafasi ya kutosha kati yao na magari hayo, hata kama dereva wa nyuma anapiga honi.

2. Camps Bay hadi Hout Bay, kupitia Suikerbossie

Kutoka Camps Bay barabara ya Victoria Road inaambaa chini ya vilele vya Twelve Apostles, ikipanda na kushuka kidogo kidogo hadi Llandudno. Baada ya hapo inapanda kwa nguvu, kisha inamwagika Hout Bay.

Kimbembe ni kurudi. Kutoka Hout Bay, kilima cha Suikerbossie kina urefu wa kama kilomita 2 na hakitoi pa kupumzikia. Jina lake ni la Kiafrikana, na ni la aina ya ua la protea lenye nekta tamu. Hakuna kingine kitamu pale. Anayekipanda kwa gia nzito tangu chini hufika juu akisukuma kwa miguu.

3. Chapman's Peak Drive

Hii ndiyo maarufu kuliko zote. Ina kilomita 9 na kona 114 kati ya Hout Bay na Noordhoek, imechongwa kwenye ukuta wa mlima huku bahari ikiwa chini kabisa. Ujenzi ulianza 1915 na barabara ikafunguliwa 1922.

Mlima huo huporomosha mawe. Barabara ilifungwa mwaka 2000 baada ya maporomoko yaliyoua, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2003 ikiwa na nyavu za kudaka mawe na kibanda cha kulipia. Magari hulipa, baiskeli hupita bure. Mvua kubwa ikinyesha hufungwa bila kubembelezana, hivyo ni muhimu kuangalia hali yake kwenye simu kabla ya kutoka.

Kitu ambacho wageni wengi hawakifikirii: Afrika Kusini magari hupita kushoto, kama Tanzania na Kenya. Anayetoka Noordhoek kwenda Hout Bay anakuwa upande wa bahari, mwenye mandhari yote. Anayetoka Hout Bay anakuwa upande wa mlima, kwenye ukuta wa mawe. Wengi hupenda kuanzia Noordhoek, ingawa kuna vilima viwili vya kupanda: kidogo kwanza, kisha kikubwa.

4. Kloof Nek, Signal Hill na Tafelberg Road

Hii ni ya wapenda milima wasio na muda mrefu. Kloof Nek ni shingo kati ya Table Mountain na kilele cha Lion's Head, zaidi ya mita 200 juu ya bahari. Kuipanda kutoka Camps Bay ni kazi tupu, maana lami ni kali tangu mwanzo.

Kutoka shingoni kuna njia mbili. Signal Hill inapanda taratibu hadi kama mita 350, na juu kuna mandhari ya jiji zima na bandari. Tafelberg Road inapita kituo cha chini cha gari la waya linalopandisha watalii mlimani, na baada ya kituo hicho barabara inakuwa tulivu zaidi. Jioni Signal Hill hujaa magari ya watu wanaofuata machweo, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa yake.

5. Constantia Nek

Inaunganisha Hout Bay na vitongoji vya kusini, ikipita kwenye miti mikubwa hadi bustani ya mimea ya Kirstenbosch. Siku ya jua kali, kivuli chake ni neema.

Ubaya wake ni wembamba. Rhodes Drive ina kona zisizoonyesha mbele na karibu haina ukingo. Tena kivuli hicho hicho humficha mwendeshaji aliyevaa nguo nyeusi. Taa ya nyuma inayowaka mchana si mapambo hapa.

6. Mzunguko wa rasi

Hii ni ya nusu siku. Kutoka Muizenberg, barabara inafuata False Bay kupitia Kalk Bay na Fish Hoek hadi Simon's Town, mji wa jeshi la wanamaji na jirani wa pengwini wa Boulders. Wanaokwepa foleni ya Kalk Bay hupanda Boyes Drive, barabara inayopita juu ya mji.

Baada ya Simon's Town nyumba zinaisha na kilima cha Smitswinkel kinaanza. Nyani wa hapa hawaogopi mtu. Kuwalisha ni kosa kisheria, na anayesimama kula ndizi barabarani anajitafutia matatizo.

Njia kisha inavuka rasi hadi Scarborough, inapita Misty Cliffs na kufika Kommetjie, halafu inarudi Fish Hoek kwa bonde lililo tambarare kiasi. Kuna mkato wa Red Hill kutoka Simon's Town, mfupi lakini mkali. Maduka ni machache kati ya Simon's Town na Scarborough, hivyo chupa mbili za maji ndiyo kiwango cha chini.

Vipi kuhusu Ou Kaapse Weg? Barabara hii inavuka mlima kwa zaidi ya mita 300 na kwenye ramani inaonekana kama njia ya mkato kwenda Noordhoek. Magari hupita kwa kasi kubwa. Si pa kujifunzia.

Upepo ndio bosi

Pwani ya Afrika Mashariki ina kusi na kaskazi. Cape Town ina wake wawili pia. Majira ya joto huvuma upepo wa kusini-mashariki, ambao wenyeji huuita "daktari" kwa sababu hufagia moshi na hewa chafu ya jiji. Majira ya baridi, kuanzia kama Juni hadi Agosti, huja wa kaskazini-magharibi ukiwa na mvua.

Hesabu yake ni rahisi. Majira ya joto, anayeanza kwa kwenda kusini anapambana na upepo akiwa na nguvu, kisha anasukumwa nao akirudi kaskazini. Anayefanya kinyume hufurahia saa ya kwanza, halafu anaijutia ya mwisho. Majira ya baridi hesabu inageuka.

Hatari zaidi ni upepo wa ubavuni. Milima huukata na kuuachia kwa mafungu, hasa kwenye kona na miteremko. Magurudumu yenye rimu pana hushika upepo kama tanga la jahazi. Siku za namna hiyo, wazoefu huyaacha nyumbani.

Mbio zilizoanza kama malalamiko

Mwaka 1977 waendesha baiskeli wa Cape Town waliandamana kwa baiskeli zao kudai njia salama. Mwaka uliofuata maandamano yakazaa mashindano, ambayo leo huitwa Cape Town Cycle Tour. Hufanyika Machi, barabara zikifungwa kwa ajili yao, na huvuta makumi ya maelfu ya washiriki. Njia yake ya kawaida ni kilomita 109 kuzunguka rasi, na Suikerbossie huja zikiwa zimebaki kama kilomita 20, miguu ikiwa imeshachoka.

Hata mbio hizo huinamia hali ya hewa. Mwaka 2015 zilifupishwa hadi kilomita 47 kwa sababu ya moto wa milimani, na 2017 zilisitishwa kwa sababu ya upepo.

Sheria na usalama kwa ufupi

• Helmeti ni lazima kisheria kote Afrika Kusini.

• Katika jimbo la Western Cape, tangu 2013 dereva anayempita mwendesha baiskeli anatakiwa kuacha angalau mita 1. Sheria ipo, ila si kila dereva anaifuata.

• Baiskeli haziruhusiwi kwenye barabara kuu za mwendo kasi. Programu za ramani wakati mwingine huelekeza huko, hivyo njia ikaguliwe kabla ya safari.

• Uporaji wa baiskeli na simu upo. Kwenda kikundi, kutoka mchana na kuwauliza wenyeji wa duka la baiskeli kuhusu njia ya siku hiyo kunapunguza hatari.

• Namba ya dharura kwa simu ya mkononi ni 112.

Saa nzuri ni alfajiri ya wikendi, mara tu kunapopambazuka. Magari bado machache, na majira ya joto upepo mara nyingi unakuwa haujaamka sawasawa. Kwa mgeni, mpangilio unaoeleweka ni kuanza na njia namba 1 na 2, kuuzoea upepo, kisha Chapman's Peak siku tulivu. Mzunguko wa rasi unaweza kusubiri hadi mtu ajue mwili wake unasemaje akifika chini ya Suikerbossie.