Wagombea Wawili, Benchi Moja

Hapo zamani, misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo na kupita Tabora kwenda Ujiji, habari katika Unyamwezi zilisafiri kwa miguu ya wapagazi. Mwenye neno alilifikisha kwa kinywa chake, naye aliyelipokea aliweza kumtazama usoni na kumwuliza. Ulyankulu, nchi ya miombo iliyo kaskazini-magharibi ya mji wa Tabora, ilikuwa katika milki ya Mirambo, hata alipofariki mwaka 1884. Nayataja haya kwa sababu wako wadhanio kwamba desturi ya mtaka uongozi kusimama mwenyewe mbele ya watu ililetwa na Wazungu pamoja na masanduku ya kura. Kilicholetwa ni sanduku.

Na sanduku lenyewe lilikuja na mlango mwembamba. Mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora kushauriana kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ndani yake kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walifika wakiwa na nia ya kuukataa. Julius Nyerere aliwageuza kwa hoja, uso kwa uso. Zuberi Mtemvu hakugeuka, akajitenga na kuunda chama chake. Walakini haki ya kura ilimtaka mtu awe na elimu ya darasa la nane, au pato la pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Mkulima asiye na mojawapo ya hayo hakuwa na kura, na asiye na kura ni nani atakayejisumbua kumwendea porini?

Mambo yalibadilika Septemba 1965. Nchi ilikwisha kuwa ya chama kimoja, na kila mtu mzima alikuwa na kura. Katika karibu kila jimbo la Bara walisimamishwa wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba, maana wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Sheria za kampeni zilikuwa kali. Wagombea walihutubia mkutano mmoja, mmoja baada ya mwenziwe, kwa Kiswahili tu. Walikatazwa kutaja kabila, dini au rangi, na hakuna aliyeruhusiwa kutumia fedha zake kujitangaza. Tajiri na maskini walikalia benchi moja, wakaulizwa na watu wale wale.

Sisemi kwamba ulikuwa uhuru kamili. Chama ndicho kilichowachuja wagombea, na siasa yake haikuwekwa mezani ijadiliwe. Hata hivyo wananchi waliwapima watu, na kipimo kikawa cha kweli: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyesifika kwa kazi ya ushirika wa pamba, aliangushwa Mwanza.

Ulyankulu ina sababu yake ya pekee ya kulithamini jambo hili. Mwaka 1972 wakimbizi kutoka Burundi walianza kukaribishwa huko, wakakata msitu na kulima. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Mtu aliyeishi miaka 40 chini ya wakuu wa makazi asiowachagua, akipewa kura leo, hawezi kutosheka na picha ya mgombea iliyobandikwa ukutani. Atataka kujua kama huyo amjiaye anamhesabu kuwa mwenyeji.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 benchi lile liliondolewa. Sasa kila chama kina mkutano wake na wapenzi wake, na mpiga kura hawaoni washindani wakijibizana. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 ilikuwa vibaya zaidi: wapinzani wengi walienguliwa, vyama vikasusia, na vijiji vingi havikuwa na wa kumlinganisha na mwingine. Kumwona mgombea peke yake ni kutembelewa tu.

Kampeni za 2024 zilipewa siku saba, kuanzia Novemba 20 hadi 26. Siku saba zatosha kukizunguka kitongoji chote kwa miguu, kubisha hodi kila mlango, na jioni kukaa na mpinzani chini ya mwembe mmoja. Hazimtoshi anayengoja gari la vipaza sauti litoke wilayani.