Pilau ya Sikukuu na Kumbukumbu ya Foleni

Sikukuu zinakaribia na bei ya mchele imeanza kuulizwa sokoni. Juma hili tuzungumze juu ya sahani zetu, maana sahani nayo ina historia yake.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Mogadishu. Aliletewa kutoka nyumbani kwa mtawala wali uliopikwa kwa samli, kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Akaandika kwamba mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha kundi zima, na kwamba ni watu wanene mno. Alipoteremka Mombasa, alikuta watu wanakula zaidi ndizi na samaki. Kumbe tangu zamani sinia iliyojaa ni ya wakubwa na wageni wao. Wengine huisubiri siku yake.

Hapa Tanzania kusubiri huko tumekujua vizuri. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulituletea unga wa njano kutoka nje, watu wakaubatiza jina la Yanga kwa rangi yake. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari, mchele, mafuta na sabuni vikawa vitu vya foleni kwenye maduka ya RTC. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa walanguzi, na mwaka 1984 Serikali ikaanza kuruhusu watu binafsi kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini soda moja ya sikukuu iliyogawanywa vikombe vitatu naikumbuka hadi leo.

Mtoto anayeonja pilau mara mbili kwa mwaka alikuwa na haki ya kula mpaka fulana imbane. Leo wali upo kwa mama ntilie kila mchana na soda ipo kila kona, lakini sikukuu ikifika bado tunashindilia kana kwamba kesho RTC haitafungua mlango. Wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu tunao majumbani, na Januari madaftari na sare za shule vinatungoja. Mla mbuzi hulipa ng'ombe.

Sisemi tule mchicha mtupu siku ya Idi au Krismasi. Nasema tumeirithi hofu ya foleni, tukasahau adabu iliyokwenda nayo. Sufuria ilikuwa ndogo, lakini sahani ya jirani ilitangulia kutoka, awe Mwislamu au Mkristo. Kwenye sinia kila mtu alikula upande wake, taratibu, mazungumzo yakiendelea.

Basi sikukuu hii pika cha kukutosha, mpelekee jirani sahani yake kabla hujapakua yako, kula kwa raha, na ukishiba nawa mikono. Sikukuu njema.