Labradoodle
Labradoodle ni mbwa chotara wa Labrador na pudeli. Alipata umaarufu baada ya 1989, Wally Conron wa shirika la mbwa waongoza vipofu nchini Australia alipomtafutia mwanamke asiyeona wa Hawaii mbwa ambaye hangemletea mumewe mzio. Wafugaji wadogo wasiopima mbwa wao hujitetea kwamba uchotara wenyewe ni kinga dhidi ya magonjwa ya kurithi. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli: damu mpya hufunika kasoro za kurithi iwapo tu wazazi hawabebi kasoro zilezile. Labrador na pudeli wote huweza kubeba jeni ileile inayoharibu retina polepole; wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana uwezekano wa robo wa kupofuka, kejeli kubwa kwa mbwa aliyekusudiwa kuongoza vipofu. Ndiyo maana vipimo vya vinasaba, macho na nyonga hupaswa kutangulia upandishaji.

Wapo wasemao gharama hiyo itamlemea mwenye jike mmoja. Lakini jike mmoja hupimwa vinasaba mara moja tu maishani, na mfugaji wa nyumbani humwonyesha mnunuzi watoto wakiwa na mama yao bila shida, jambo ambalo sheria ya England inawadai wafugaji wenye leseni tangu 2018. Ahadi ya manyoya yasiyoleta mzio ni heri mfugaji asiitoe: katika uzao wa Conron wenyewe, mate na manyoya ya watoto watatu yalipopelekwa kupimwa, mmoja tu ndiye aliyefaa.