Kuanguka kwa Wazee Nyeri: Kutoka Muthigi hadi Kipimo cha Wodini

Hatari ya kuanguka katika nchi ya Nyeri inaanza na ardhi yenyewe. Miteremko ya Aberdare na Mlima Kenya imekatwa na mito kama Chania na Gura. Boma liko juu mgongoni, maji yako bondeni. Mvua za Machi hadi Mei huufanya udongo mwekundu uteleze, na wanawake walizoea kupanda njia hizo na mizigo ya kuni iliyoshikwa kwa ukanda wa kipajini, tangu usichana hadi uzeeni.

Nyumba ya duara ya Wagikuyu haikuwa na ngazi, na hilo lilimfaa mzee. Ila ndani kulikuwa na giza, na mafiga yalikaa katikati ya sakafu ya udongo. Nje, mzee wa kiama, yaani baraza la wazee, alitembea na muthigi, fimbo ya cheo chake; Jomo Kenyatta alieleza ngazi za wazee hao katika kitabu chake cha mwaka 1938. Fimbo iliyotolewa kwa heshima ilimpa pia mguu wa tatu, na hakuwa na sababu ya kuona haya kuiegemea.  Bibi mzee alishikwa mkono na wajukuu.

Hospitali za misheni ziliukuta mfupa ukiwa umekwisha kuvunjika. Waskoti walifungua kituo cha Tumutumu mwaka 1908, ambako Daktari Horace Philp alitibu kwa miaka mingi. Wamisionari wa Consolata, waliofika Tuthu mwaka 1902, walijenga Mathari karibu na mji wa Nyeri. Upande wa mashariki wa mlima, Daktari Clive Irvine alianzisha Chogoria mwaka 1922. Kabla ya upasuaji wa nyonga kuenea, mzee aliyevunjika nyonga alilazwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito, na mara nyingi kilichomuua ni nimonia au vidonda vya kulala, wala si mfupa wenyewe.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu zaidi ya milioni 1 wa nchi ya Wagikuyu katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa. Vijana wengi walikuwa vizuizini au msituni, kwa hiyo wazee walipoteza boma walilolijua hata gizani na pia mikono ya kuwashika. Baada ya vita familia zilirudi mashambani kwenye vipande vilivyounganishwa, na miaka iliyofuata vijana wengi walielekea Nairobi. Mzazi akabaki na ng'ombe, shamba la chai au kahawa, na choo cha shimo nyuma ya nyumba.

Vipimo vya kumtambua aliye katika hatari ya kuanguka vilitoka mbali. Mwaka 1989 Janice Morse, mtafiti wa uuguzi nchini Kanada, alichapisha kipimo cha maswali 6: kama mgonjwa amewahi kuanguka, kama ana ugonjwa zaidi ya mmoja, anategemea nini kutembea, kama ana dripu, mwendo wake ukoje na kama anaujua uwezo wake. Mwaka 1991 kukaja jaribio jepesi zaidi, nalo la Kanada: mzee anainuka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi kuketi, muuguzi akihesabu sekunde. Jaribio hili linafaa zaidi vijijini, maana linahitaji kiti na saa tu, ilhali kipimo cha Morse kilitungwa kwa ajili ya wodi.

Hata hivyo hakuna kati ya vipimo hivyo kinachouliza kuhusu njia ya kwenda chooni usiku. Wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa na serikali Septemba 2023, wenye mashine za kupima shinikizo la damu, huingia hadi nyumbani, na huko ndiko swali hilo linakojibika. Mhudumu anaweza kupima shinikizo mzee akiwa amelala kisha akisimama, kwa kuwa baadhi ya dawa huleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla; kutazama viatu vyake na macho yake; na kuiomba familia iweke taa, imwage kokoto kwenye njia ya choo na ipigilie mti wa kushikia mlangoni.